Kitabu cha Kilatini Nilichokisafisha

Miaka ile kompyuta zilipoanza kuingia Nyeri mjini, mimi nilikuwa na skana, na kwa hiyo nilijiona mtaalamu. Paroko wetu wa kule Wamagana akaniletea kitabu kikubwa cha nyimbo za Kilatini, nyimbo za kale za Ulaya walizotuachia wamisionari. Mtafiti mmoja kutoka huko kwao alitaka picha ya kila ukurasa, azihifadhi kwenye kompyuta kabla karatasi haijaoza.

Kilikuwa kichafu. Juu ya zile nota za miraba mtu alikuwa amejaza herufi za penseli, d, r, m, s, kila mahali. Sasa nani atampelekea Mzungu kitu kama hicho? Nikanunua raba mpya, nikasugua siku tatu mpaka kidole kikavimba, ndipo nikapiga picha. Zilitoka safi, nikafurahi kweli.

Mtafiti alipokuja, mama mpole wa makamo, alifungua picha zangu akauliza herufi ziko wapi. Nikamwambia kwa majivuno kwamba nimezifuta. Akanieleza polepole kwamba nota zile zimo katika vitabu vingi kwao, lakini zile herufi, yaani do, re, mi, so, zilikuwa hapa tu, na ndizo zilizoonyesha kwaya yetu iliimbaje. Alijaribu kukoleza picha kwenye kompyuta, zikaonekana d mbili na kivuli. Mimi sikuelewa. Kuhifadhi si ndiyo kusafisha? Hata leo nikiwaza hayo hasira inanipanda, sijui kwa nani.

Likabaki tumaini moja: baba yangu, aliyewahi kuimba katika kwaya hiyo, aimbe arekodiwe. Kilatini kilikwisha kanisani nikiwa mtoto mchanga, na wenzake wote wa kwaya ile walikuwa wameshafariki. Akavaa koti la Jumapili, akaketi mbele ya kipaza sauti, akafungua kitabu. Akageuza ukurasa, akageuza mwingine.

"Maandishi yangu iko wapi?"

Sikuwa nikijua ni yake.

"Ilikuwa imechafua kitabu, Baba. Nilifuta."

"Ati ulifuta? Mimi sijui kusoma hizi box za wazungu. Nilikuwa nasoma hiyo yangu."

Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama. Akajaribu kuimba bila kusoma. Rekodi hiyo ipo hadi leo kwenye kompyuta za huko Ulaya: baba anaimba mstari wa kwanza, anaingia wa pili, anakwama. Halafu inasikika sauti yangu ikisema, "Baba, endelea."