Kunguni Kwenye Kola ya Mzee

Jamani, hili nalisimulia nikiwa nimeinamisha uso, maana hadi leo nikipita Buhongwa, wanakokaa wakwe wa binti yangu, najitanda khanga mpaka puani.

Ilikuwa miaka ile biashara huria imepamba moto hapa Mwanza, kila aliyepunguzwa kazi anafungua chake, na kwetu Igogo alikuwepo bwana mmoja wa kupiga dawa ya wadudu. Mimi kila asubuhi naona vitone vya damu kwenye shuka na vidoa vyeusi kwenye mapindo ya godoro, nikajua hawa ni kunguni, na Jumamosi wazazi wa mchumba wa binti yangu Neema wanaleta posa. Nikamwita yule bwana wa dawa. Akasema atakuja Ijumaa kukagua, ila nisiguse kitu, niache nyumba ilivyo ili aone wamejificha wapi.

Nisiguse? Mwanaume wa nje aje aone uchafu wangu? (Nimelelewa kwamba mgeni akija hata uani panafagiliwa.) Basi Alhamisi nikachemsha mashuka, nikaanika magodoro, nikapaka vitanda vyote mafuta ya taa, nikafua na kutia wanga vile vitambaa vyeupe vya makochi nilivyofuma mwenyewe. Ijumaa yule bwana akaja na tochi, akafunua magodoro, akainama, akasema haoni kitu, labda ni mbu, ila nikitaka apige dawa kwa tahadhari. Nikamjibu kwa maringo kwamba nyumba yangu safi, si amejionea.

Kumbe kunguni wenyewe walikimbia mafuta ya taa vyumbani wakahamia sebuleni.

Jumamosi wageni wakaketi. Baba wa mchumba, mzee mpole mwenye shati jeupe, akakaa kochi kubwa, mume wangu anapokea salamu, Neema yuko nyuma ya pazia anasubiri kuitwa, ndipo nikamwona kunguni mmoja mnene anatembea juu ya kitambaa changu, anaelekea kwa mzee. Nikaleta chai kabla ya wakati, nikamwomba mzee ahamie dirishani penye upepo, akasema hapa panamtosha. Kunguni akapanda kola. Mzee akatoa bahasha ya posa, akaanza kueleza kilichowaleta, kunguni akafika shingoni, na mimi (sijui mkono ulitumwa na nani) nikamchapa mzee kofi.

Mtu ambaye kwa heshima zetu namsalimia nimepiga goti! Kwenye kola doa la damu, na ile harufu ya kunguni mnaijua. Mzee akajipapasa, akatazama vidole vyake, akairudisha bahasha mfukoni. Nyuma ya pazia nikamsikia Neema analia.

"Mama Neema," akasema taratibu, "shida kama hii si unaita mtu wa dawa?"

"Nilimwita, baba. Hakuona kitu. Nilikuwa nimeshasafisha."

Akainuka kuondoka. "Mwite tena, na safari hii usifagie. Tutarudi."

Walirudi, namshukuru Mungu, baada ya yule bwana kuikuta nyumba chafu hivyo hivyo na kuipiga dawa yote. Mficha uchi hazai, sasa nimeelewa, na sitafagia tena kumficha mtu aliyekuja kutazama uchafu. Neema ameolewa, wajukuu ninao. Ila mzee akija kututembelea hachukui kochi, huchukua kigoda cha jikoni akakaa karibu na mlango, na nikipita nyuma yake na chai, hushika kola.