Niliua Nyuki wa Jirani, Fraizi Zangu Zikapindana

Wewe unayesoma, sogea karibu nikuambie jambo ambalo hata bwana yangu halijui lote. Nilikosa. Sikuteleza, sikudanganywa na mtu. Nilipanga, nikatenda, na siku ile nilifurahi!

Ninalima fraizi kwenye kilima, upande wa Muheto. Kama hujazilima, nikueleze kidogo. Fraizi, wengine huziita stroberi, ni mmea mfupi. Unapenda baridi yetu na udongo mweusi, lakini una kiu. Kwa hiyo kila musimu nilisogea karibu na kijito. Niling'oa majani marefu tuliyokuwa tumepanda wote kando ya fose, ile mifereji inayokata kilima ili mvua isiteremshe udongo. Nikapanda fraizi mpaka ukingoni kabisa. Mvua ikinyesha, udongo wangu ulishuka mbio, na watu wa chini wakachota matope.

Niliona. Nikanyamaza. Fraizi zilikuwa zinazaa!

Jirani yangu, nitamwita Papa Bahati, alitoka Walikale, karibu na Kashebere, akikimbia vita. Alifika na mizinga miwili mitupu ya mti kichwani. Nyuki wakaingia, wakazaana, mizinga ikafika tisa. Hakuwa na shamba. Alikula kwa ile asali, na watoto wake pia.

Siku moja ya salongo, ile kazi ya wote, tulikuwa tunatengeneza fose. Papa Bahati akasimama mbele ya watu.

"Dada, sikukatalii kulima. Lakini ile fraizi yako iko inakunywa muto, kisha inatapika matope kwetu."

Mama mumoja akadakia: "Tutie sukari, tuite jus!"

Weee! Watu walicheka mpaka wengine wakaegemea majembe. Chefu wa lokalite, mkuu wa kijiji chetu, akaniamuru ning'oe mistari yote ya ukingoni na nirudishe majani. Nilizing'oa hapo hapo, zikiwa na matunda, wakinitazama.

Hata leo nikikumbuka kile kicheko, kifua kinapata moto. Yule mama nilimsamehe upesi. Papa Bahati, hapana. Nilijiambia: mukimbizi tuliyempa pa kulala njo ananifundisha kilima cha babu zangu? Atalia.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo aibu yangu ilipo. Muuza dawa ya wadudu alikuwa ametueleza: usinyunyize maua yakiwa wazi na nyuki wakiwa kazini. Ngoja jua lishuke, warudi kwao. Na mimi ndiye niliyekuwa ninawafundisha hivyo wanawake wa kikundi chetu! Nilikuwa nawaonyesha kwa upole, mmoja mmoja, namna ya kushika pompe, ile pampu ya kunyunyizia dawa, na upande wa kusimama upepo ukivuma. Somo lote nilikuwa nalo kichwani. Nikaligeuza kuwa silaha.

Nikaenda kumuuliza Papa Bahati, nikitabasamu: "Papa, nyuki zako zinaamukaka saa ngapi?"

Masikini, akafurahi kuulizwa. "Jua ikisha kupata moto kidogo, dada. Saa tatu, saa ine, utazisikia mu maua yako. Zinapendaka kwako kuliko kwingine kote."

Asubuhi tatu mfululizo, saa nne, maua yakiwa meupe na wazi, nilipita na pompe mgongoni. Nilimwaga dawa kali kuliko kipimo. Nyuki walikuwa juu ya maua. Niliwaona wakianguka, wakizunguka chini kama walevi. Nikasema moyoni: cheka sasa!

Siku ya nne alikuja na kofia yake mkononi, imejaa nyuki wakavu.

"Dada, angalia. Mizinga saba iko kimya. Ulinyunyiza nini?"

"Niko nanyunyiza mu shamba yangu, Papa. Ama na hii utaipeleka mu salongo?"

Hakupiga kelele, hakwenda kwa chefu. Kabla juma halijaisha alifunga mizinga miwili iliyobaki kwa nguo ya mke wake, wakashika njia ya Kashebere, ingawa usalama wa huko haukuwa wa kuaminika. Watoto walimfuata. Mimi nilisimama kwenye kilima changu kama mtu aliyeshinda vita.

Kisha fraizi zikatoka.

Mungu wangu! Zilikuwa ndogo, ngumu, zimepindana kama vidole vya mtu aliyeungua. Upande mmoja umevimba, upande mwingine umekauka. Mama anayezipeleka Goma akaweka moja kwenye kiganja, akaigeuza, akaniuliza: "Hii ni fraizi ao ni sikio?" Akaondoka na vikapu vitupu.

Nilidhani ni ugonjwa. Nikanyunyiza tena! Mavuno yaliyofuata yakawa mabaya zaidi.

Nilikuja kuelewa kwa kuitazama fraizi yenyewe, nikiwa nimekaa kwenye udongo. Ona zile mbegu ndogo juu ya ngozi yake. Kila mbegu huanza kwenye ua, na nyuki ndiye anayeiletea unga wa maua. Mbegu iliyoguswa inavuta nyama ya tunda, tunda linajaa. Iliyorukwa, pale panabaki pamebonyea. Tunda zuri ni ua lililotembelewa mara nyingi. Nami wageni niliwaua wote, wa Papa Bahati pamoja na wale wa porini wasio na mwenyewe.

Nilifunga safari mpaka Kashebere. Nilimkuta anachonga muzinga mpya. Nilipiga magoti, nikasema yote, hata lile swali la saa.

Alinipa kiti na maji. Kisha akaendelea kuchonga.

"Ile kuua, dada, ningeweza kuisamehe," akasema. "Lakini uliniuliza saa yazo, na mimi nikakuambia. Ile njo siwezi. Ulitaka nyuki zinyamaze? Ukae na ile kimya yako."

Hakurudi. Sasa ninapapasa maua yangu kwa unyoya wa kuku, moja moja, mpaka mgongo unakataa. Hata robo ya shamba inanishinda.

Ndugu yangu, dada yangu, kisasi kilinipa asubuhi tatu za furaha. Usinifuate. Siku jirani akikuaibisha mbele ya watu, usishike pompe. Iweke chini, vuka mupaka mikono mitupu, umwambie kwa kinywa chako: "Uliniumiza."