Nilivyouita Uyoga wa Mama Mkwe Sumu

Jamani, aibu hii hata mke niliyekuja kumwoa baadaye sijamsimulia yote, maana kuna aibu ya kuchekwa ikapita na kuna aibu ya kukosa mke, na mimi niliitafuta hii ya pili kwa mikono yangu mwenyewe.

Zilikuwa zile siku za vijiji vya Ujamaa, nimetoka chuoni, bwana shamba msaidizi, kichwa kimejaa (upepo, sasa najua), na kwapani kitabu kinene cha kutambua uyoga alichoniachia mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, chenye picha za rangi na Kiingereza nilichokielewa nusu, nusu nyingine nikibuni. Siku ya kwenda kujitambulisha kwa kina Mariamu, kijiji cha nje ya Itigi, baba mdogo, ndiye mshenga wangu, akaniambia, "Liache hilo dude nyumbani." Nikalibeba. Nilitaka wajue wanapata mkwe wa aina gani. Wakajua.

Tulimkuta mama mkwe mtarajiwa ndiyo kwanza anatoka porini na kikapu cha uyoga, ule ambao ukiuvunja unatoa maziwa. Badala ya kutoa shikamoo na kuinamisha macho kama mtu aliyelelewa, nikachukua mmoja, nikauvunja, nikafungua kitabu, nikapata picha iliyofanana (kwa macho ya mtu mwenye haraka ya kusifiwa) na chini yake neno la hatari. Kitabu cha Ulaya kinajua nini habari za vichaka vya Itigi? Sikujiuliza. Nikatangaza kwa sauti ya mkutano wa hadhara, "Mama, uyoga huu una sumu."

Kwetu huko mtu akikukaribisha pombe anaionja kwanza yeye, uone haina kitu. Neno sumu halitajwi kwenye chakula cha mwenye nyumba, sembuse ukweni.

Baba mkwe akauliza taratibu, "Mwanangu, unasema mke wangu ni mchawi?"

Mwenye akili angepiga magoti. Mimi nikajibu kwamba kitabu kinaeleza namna ya kuhakikisha, unatafuna kipande kibichi, ukiwa mkali unatema. Nikatafuna. Ulikuwa mkali kuliko pilipili kichaa, machozi yananitoka, ulimi umekufa ganzi, kutema mbele ya mama mkwe ni tusi, kumeza nimeshasema ni sumu, nikabaki nimejaza mashavu mpaka kikohozi kikaamua, na vyote vikatua kwenye kanga yake.

Hakunigombeza. Alijifuta, akaenda jikoni, akauchemsha uyoga, akamwaga maji pamoja na ukali wake wote, akaunga kwa karanga, na ukoo mzima ukala mbele yangu, baba mdogo naye (msaliti!) akaomba aongezewe. Mimi sikukaribishwa. Nilikaa pale nikimwomba Mungu aumwe tumbo japo mmoja wao. Hakuumwa mtu.

Mariamu akanisindikiza hadi njia ya stesheni. "Kaka," akaanza, na hapo nikajua posa imekufa, maana hakuwahi kuniita kaka. "Mume mjinga ningemvumilia, mbona wamejaa. Lakini wewe ujinga wako una picha za rangi."

Tangu siku hiyo nimeapa, chakula cha ukweni ni kunawa na kula. Mama mkwe niliye naye sasa hajui kupika kabisa. Nakula hivyo hivyo, tena namsifu.