Sura Kumi na Mbili na Mahindi ya Mama

Nakumbuka mchana mmoja wa mavuno, mahindi ya mama yakiwa uani na mimi nikiwa ndani ya kitabu cha Samweli. Nilikuwa na miezi miwili tu tangu niokoke, mwanangu, na wokovu wangu ulikuwa na mbio kama wako. Wewe huko Kitale unashindana na simu inayokukumbusha kusoma. Mimi nilishindana na Rose, jirani yetu hapa Tongaren, tuliyebatizwa naye siku moja, tuone nani atamaliza Biblia yote kwanza. Alikuwa amenipita kwa sura tisa, na jambo hilo liliniuma kuliko dhambi zangu zote.

Mama hakuwa ameokoka. Alikuwa mjane, na mahindi hayo ndiyo yaliyokuwa chakula chetu cha mwaka mzima. Alikuwa ameniambia wazi: "Huo wokovu wako nitautazama kwanza. Nikiona umekufanya mtu mzuri, na mimi nitakuja kanisani." Nilitamani sana aje. Nilimwombea kila siku.

Basi mawingu yakakusanyika upande wa Mlima Elgon. Dalili ya mvua ni mawingu, hata mtoto anajua, lakini macho yangu yalikuwa yakikimbia kwenye mistari.

"Nafula! Kuja tuingize mahindi, mvua hiyo!"

"Ngoja kidogo, mama, nimebakisha sura mbili tu!"

Mwanangu, mvua haikungoja hata moja. Nilipotoka, mama alikuwa amelowa chapachapa, akiburuta turubai peke yake, na nusu ya mahindi yalikuwa majini. Hakunigombeza. Alisema tu, "Maliza kusoma," akaingia jikoni. Afadhali angenichapa.

Jioni alipita Mzee Wekesa, aliyetufundisha sisi waumini wapya. Nikamweleza yaliyotokea, nikidhani atanitetea.

"Leo ulisoma nini?"

"Sura kumi na mbili, mzee."

"Sijakuuliza ngapi. Nimeuliza nini."

Nikatafuta kichwani, nikamkuta Rose na zile sura zake tisa. Ilibidi nifungue kitabu nione nilikopita: mwisho wa Waamuzi, Ruthu yote, mwanzo wa Samweli. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Ati Ruthu! Si ndiye alienda kuokotea mama mkwe wake nafaka shambani? Na wewe unamsoma huku mama yako anaokota mahindi kwa mvua peke yake!"

Niliona aibu, nikalia. Mama akatoa kichwa jikoni. "Huyo Ruthu ni nani?"

Kesho yake sikwenda mbele. Nilirudi kwa Ruthu, nikasoma sura moja tu, polepole, nikafunga kitabu, nikatoka. Tulichambua mahindi yaliyolowa, yaliyoharibika huku, ya kuanika tena kule, nami nikamsimulia. Mama alikuwa na maswali mengi kuliko mzee: huyo mama mkwe alikuwa mkali? Nilipofika mwisho wa sura nikaishia hapo.

"Endelea."

"Sijasoma mbele, mama."

"Haya, basi kesho."

Ikawa hivyo kila asubuhi. Mawingu yaliporudi, mimi ndiye niliyefika kwenye turubai kwanza, na mama akashika upande wa pili. Jumapili alijifunga kitambaa chake kizuri, akasimama mlangoni, akaniuliza kama tumechelewa. Rose alimaliza Biblia kabla yangu, na mpaka leo ananikumbusha. Namwacha afurahi.

Kwa hiyo soma kidogo, lakini kila siku. Haba na haba hujaza kibaba. Kabla hujafunga kitabu jiulize umesoma nini, kisha utafute pa kulitenda neno hilo kabla jua halijatua. Na mama akikuita, usiweke hata kidole kwenye mstari, funga, uende. Neno litakungoja.

Mungu akupe masikio ya kumsikia yeye na ya kumsikia mama. Ghala lako lisipungukiwe. Na siku moja mtu wa nyumbani mwako, yule unayemwombea, akuulize mwenyewe, "Leo umesoma nini?" nawe uwe na la kumwambia.