Baba Bado Anapunguza

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana mtaa mzima huku Bariadi wanausoma ukurasa huu.

Nina miaka 39, nina mume na watoto wawili, na baba yangu mzazi tunaishi naye. Alhamisi nina usaili wa kazi ya kutunza stoo kwenye kampuni moja hapa mjini. Wameniambia nije nimejiandaa kutaja mshahara ninaoutaka. Najua wengine mtasema, hilo nalo ni tatizo? Nisikilizeni kwanza.

Baba alikuwa fundi wa mashine za kuchambua pamba kwenye kiwanda cha ushirika. Mshahara ulipangwa huko juu, yeye kazi yake kusaini. Soko huria lilipoingia, mimi nikiwa darasa la pili, kiwanda kikafungwa, kampuni binafsi ikafungua chake. Baba akaitwa kwenye usaili, akaulizwa anataka alipwe ngapi. Jamani, hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo! Alikozoea kutaja bei ni mnadani, kwenye ng'ombe, na kule muuzaji anaanza juu ili ashushwe. Basi akaanza juu. Bosi akamwambia, "Asante mzee, tutakujulisha."

Alirudi nyumbani anacheka. Mama akamuuliza, "Wamekubali?"

"Bado. Nani anakubali bei ya kwanza? Watarudi, nitapunguza, tutaelewana."

Hawakurudi. Ndugu yake aliyeishi kijiji cha Nassa alimwita wakalime mpunga, akakataa, eti wakija wasimkose. Kila asubuhi alivaa shati lake jeupe akakaa mlangoni. Mama alifariki akamwacha palepale.

Sasa kumbukumbu zimemtoka, hata mimi ananiita kwa jina la mama. Lakini gari likisimama nje anainuka: "Waambieni nimepunguza!" Na kweli anataja kiasi, na kila mara kimeshuka. Jumapili bodaboda aliniletea unga, baba akamshika mkono akamwambia, "Basi bosi, nipeni chakula tu." Nililia jikoni mpaka ugali ukaungua.

Mume wangu anasema, "Taja kubwa, watapunguza wenyewe." Nikimsikiliza naliona lile shati jeupe. Rafiki yangu ananishauri niseme nitapokea chochote watakachonipa, na hapo ndipo naogopa zaidi, kwa sababu maneno hayo nimeshayasikia kwa baba.

Jana jioni nilijifungia chumbani nijaribu kutamka kwa sauti. Nikataja kiasi. Pakawa kimya. Sijui nini kilinipata, nikataja kidogo zaidi, halafu nikashuka tena, na hakuna mtu aliyeniomba nipunguze. Ndipo nikamsikia baba upande wa pili wa ukuta, ananiita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kwa sauti ya upole kabisa: "Punguza, mayu. Punguza, usiwaache waondoke."

Ndugu zangu mliowahi kukaa kwenye kiti kile cha usaili, niambieni. Alhamisi wakiniuliza, nitaje ngapi, na nitanyamazaje nikishataja?