Karata Zinazosimama Zenyewe

Mchezo ule niliwekewa na binti wa mapokezi wa nyumba ya wageni ninakopika, Mikumi. Ilikuwa mchana, wageni waliolala wameshaondoka, na mimi nimekaa nje ya jiko namenya viazi huku jicho moja likiwaangalia nyani, maana ukiwasahau kidogo tu wanaondoka na beseni.

"Dada, si ulisema baba yako ni mtu wa karata?" aliniuliza. "Hebu lete simu nikupe karata za bure."

Nilimpa. Aliporudisha, kwenye kioo kulikuwa na pakiti iliyofungwa, inameremeta, inatikisika kidogo kama kuna kitu hai ndani yake.

"Ichane," akasema.

Nikapitisha kidole juu yake, ikachanika kwa sauti ileile ya pakiti ya biskuti. Nilitegemea kuona kopa na uru, shupaza na pau. Badala yake akatoka mwanamke mwenye mabawa, akafuata fisi aliyevaa kofia ya chuma, kisha mti wenye meno. Kila karata ilikuwa na namba pembeni, moja ya gharama ya kuitoa mkononi, nyingine ya nguvu zake. Ya mwisho ilikuja imefunikwa. Nilipoigeuza ikatoa mwanga wa dhahabu na binti akapiga kelele.

"Dada una bahati! Mimi hii naitafuta tangu Ramadhani!"

Nilifurahi. Nilifurahia kitu ambacho sikujua hata kinafanya nini, na niliporudi kwenye viazi vyangu nikawa najiuliza furaha hiyo imetoka wapi, maana sikuwa nimeihangaikia. Jioni nikafungua tena. Kesho yake, kabla sijawasha moto wa chai, nilikuwa nimeshachukua zawadi ya siku. Mchezo ule unamjua mtu. Unakupa kidogo, unakupitisha kwenye duka lake la karata, unakupa tena kidogo. Binti alinionya nisiuunganishe na pesa za kwenye simu yangu, nami nikamsikiliza.

Lakini kila nilipocheza nilikuwa namfikiria baba.

Baba alifanya kazi reli, kwenye genge la kutengeneza njia, kama baba yake kabla yake. Tangu astaafu, alasiri zake zote zilikuwa za karata, Magomeni ya kwetu Kilosa, kwenye kibaraza cha fundi baiskeli ambaye ni rafiki yake wa tangu ujana. Walikuwa wazee wachache, wengine wakitoka msikitini, mmoja akitoka shambani na matope bado miguuni. Hawakuchezea pesa. Walichezea maneno. Aliyefungwa alisemwa mpaka kesho yake, na baba alikuwa hodari wa kusema kuliko hata kucheza.

Kisha akapata kiharusi. Maneno yalirudi, mguu ukarudi kwa shida, lakini mkono wa kulia ulibaki umekunjwa kifuani. Alipopata nafuu alikwenda kibarazani. Sikuwepo siku hiyo. Alinisimulia fundi baiskeli mwenyewe. Baba alipokea karata zake kwa mkono wa kushoto, akazipanga kifuani, akataka kuchomoa moja ya kutupa. Kwa mkono upi? Zote zikamwagika mkekani, nyuso juu, turufu zikionekana. Wazee wakageuza macho, wakajifanya kutazama barabara. Mmoja akasema kwa upole, "Niachie nikushikie mimi." Baba akasema anawahi kuswali, akaondoka. Swala ilikuwa bado.

Hakurudi tena. Rafiki yake akija nyumbani, baba anamwambia mdogo wangu, ambaye ndiye anayeishi naye, aseme amelala. Na mdogo wangu, kwa aibu, anasema.

Ndiyo maana nilipopata mapumziko yangu nikapanda basi la Kilosa na ule mchezo kwenye simu, nimeijaza bando la kutosha.

Nilimkuta amekaa ukumbini, redio imewashwa, haisikilizi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Nyani wenu hawajambo?"

Baada ya chakula nikamwekea simu juu ya mto, mapajani. Nikamwonyesha jinsi karata zinavyojipanga chini ya kioo, zimesimama zenyewe kama kipepeo aliyefungua mabawa. Ukigusa moja kwa kidole inainuka. Ukiisukuma mbele, umeicheza. Kidole kimoja kinatosha.

Akainamia kioo.

"Hizi karata za nani?"

"Zako, baba. Ni bure."

"Bure ya nani? Nani anachora picha nzuri namna hii halafu anagawa?"

Nikamweleza kuhusu duka, kwamba wapo wanaonunua na ndio wanaolipia wengine. Akaguna. Akauliza turufu ni ipi. Nikamwambia hakuna turufu, kila karata ina nguvu zake zimeandikwa, na nikawa namsomea Kiingereza kile kwa Kiswahili, kimoja kimoja. Huyu akifa anaacha sumu. Huyu anamlinda wa pembeni yake. Alikuwa ananirudisha nyuma, nirudie, kama mtu anayesomewa barua ya kikazi. Kisha nikabonyeza kitufe cha kutafuta mpinzani, na baada ya muda mfupi akatokea mtu upande wa juu wa kioo, ana picha ya simba na jina la herufi zisizosomeka.

"Yuko wapi huyu?"

"Popote, baba. Pengine ng'ambo."

"Mtu mzima au kijana?"

"Haiwezekani kujua."

Baba alikaa vizuri. Akasafisha koo. "Basi mwanzie shikamoo. Akiwa mdogo wangu atajisikia vibaya mwenyewe."

Humo ndani hakuna shikamoo. Kuna vitufe vichache vya maneno yaliyokwisha andaliwa: habari, asante, umecheza vizuri, samahani, na kimoja cha kutisha. Nikamwonyesha cha habari. Akakigusa kwa uangalifu, akasubiri. Mwenzake hakujibu, akacheza fisi.

"Hana adabu," baba akasema, na akamtolea mwanamke mwenye mabawa.

Alishinda. Sijui kama alielewa vizuri alivyoshinda, mimi mwenyewe sikuelewa, lakini kioo kililipuka kwa rangi na baba akacheka. Mdogo wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuona nani anacheka. Akasimama mlangoni. Tulikuwa hatujasikia kicheko kile tangu hospitali.

Siku zilizofuata alicheza asubuhi baada ya chai na tena alasiri, saa zilezile za kibarazani. Alijifunza haraka. Alipata karata ya dhahabu inayofanana na aliyokuwa nayo tayari, akaniita.

"Hii ya pili naomba umpe fundi baiskeli."

"Haiwezekani, baba. Mchezo huu hauruhusu kumpa mtu."

"Si umesema zangu?"

"Zako, ndiyo."

"Zangu, na siwezi kumpa mtu?"

Nilisema ndivyo ulivyotengenezwa. Nilishangaa pia, kwa siri, kwamba mtu asiyetaka kumwona rafiki yake amefikiria kumpa zawadi. Kitu kile nilikiweka moyoni.

Mambo yakaharibika siku baba alipoanza kushinda kila mara. Alikuwa anajisifu kwa mdogo wangu, anamsimulia mpinzani mmoja mmoja: huyu mwoga, huyu mchoyo wa karata, huyu kijana wa haraka. Wakati huo mimi nilikuwa nimempigia simu yule binti wa Mikumi kuuliza jambo lingine, na katika mazungumzo akaniambia kwamba mwanzoni wale unaokutana nao mara nyingi si watu. Ni kompyuta. Wanakuachia ushinde ili upende mchezo, na ukishapanda ngazi ndipo unakutana na watu kweli.

Nilifikiri nisimwambie. Furaha ilikuwa furaha, na haikuwa imemdhuru mtu. Lakini nilipomsikia kesho yake akimsalimia tena mpinzani wake na kusubiri, kidole kikiwa hewani, kusubiri ajibiwe, nilishindwa kuvumilia. Nikakaa karibu naye nikamweleza.

Hakukasirika. Alitazama kioo.

"Kwa hiyo nilikuwa namsalimia nani?"

"Pengine hakuna mtu, baba."

Akanirudishia simu. Jioni hakuitaka. Asubuhi yake pia. Mdogo wangu akaninunia jikoni: "Ungemwacha tu, dada. Ulikuwa na haraka gani?" Niliosha vyombo vyote siku ile, hata vilivyo safi.

Siku ya tatu aliniita. Nilidhani anataka dawa.

"Lete ile simu. Fungua karata, usicheze."

Nikafungua. Karata zikajipanga chini ya kioo, zimesimama, zimepishana kidogo kila moja ionekane. Baba akazionyesha kwa kidole cha kushoto.

"Zinasimama zenyewe."

"Ndiyo, baba."

"Hakuna aliyezishika."

"Hakuna."

"Nataka zangu zisimame hivi. Zile za karatasi. Kamwite seremala."

Seremala wetu anafanya kazi mtaa wa pili, anatengeneza vitanda na milango. Alikuja na penseli sikioni akidhani kuna mlango umeshuka. Baba akamweleza: kipande cha mbao cha urefu wa kiganja na nusu, kimepinda kidogo kama mwezi mchanga, juu yake mfereji mwembamba wa kusimamishia karata. Seremala akamsikiliza, akaomba kuona simu, akaitazama mbele na pembeni kama vile angeweza kuona nyuma ya picha.

"Mzee, nipe mpaka kesho."

Mbao ya kwanza ilikuja na mfereji mpana, karata zikalala kifudifudi. Ya pili mfereji ulikuwa mwembamba mno, zikakunjika pembe. Ya tatu ilikuwa ya mninga, amechonga mfereji kwa kulalia nyuma kidogo, amepiga msasa mpaka inateleza. Baba akapachika karata moja moja kwa mkono wa kushoto. Zikasimama. Akachomoa ya katikati, akaitupa mezani. Nyingine hazikutikisika. Akazirudisha, akachomoa tena, akatupa tena, na akaendelea hivyo mpaka mdogo wangu akahitaji meza ya kuwekea chakula.

Alasiri aliomba kanzu. Nilitaka kumsindikiza akakataa, kisha akakubali nimbebee ile mbao kwenye mfuko wa plastiki, nitembee nyuma yake. Tulikwenda polepole. Wazee walikuwa wameshaanza. Niliwaamkia, wakaniitikia, wote wakimtazama baba na kisha mfuko wangu.

Baba akaketi mahali pake. Palikuwa wazi, sijui kama siku zote palikuwa hivyo au ilitokea tu. Nikampa mbao, akaiweka mbele yake, upande uliopinda ukiwa umewaelekea wao.

Fundi baiskeli akaiinua, akaipindua, akaichunguza kama pedali aliyoletewa kutengeneza.

"Ndiyo nini hii?"

"Mkono," baba akasema.

Fundi akaitazama tena, akairudisha mkekani kwa upole. Halafu akasema kwa sauti kubwa, "Sasa hii ni dhuluma! Zamani tulikuwa tunakuchungulia. Leo umejijengea ukuta!"

Wakacheka wote, na mwenye zamu ya kugawa akachanganya karata. Nilisimama pale mpaka alipotupa ya kwanza. Kisha nikaenda zangu sokoni, kwa sababu nilihisi kwamba nikikaa zaidi nitawaharibia.

Baadaye seremala alinipigia kuniambia kwamba mzee mmoja wa pale kibarazani, ambaye mikono yake hutetemeka na hakuwahi kumwambia mtu, amekwenda kuagiza ya kwake.

Mimi nimerudi Mikumi na bado nina ule mchezo. Siwezi kuusema vibaya. Ningekuwa na kinyongo nao ningeufuta. Mara nyingine nikiwa nimechoka, sufuria zimeoshwa, nafungua pakiti ya siku na ule mwanga wa dhahabu bado unanigusa mahali fulani. Nimepanda ngazi sasa, na binti ananiambia ninaocheza nao ni watu. Nawasalimia kila mara kabla sijatupa karata. Wengine wanajibu. Mmoja siku moja alinijibu habari, kisha umecheza vizuri, kisha asante, mfululizo, vitufe vyote alivyokuwa navyo vya heri, na nilikaa pale na taulo begani nikijaribu kuwaza ni mtu wa namna gani, amekaa wapi, nani yuko naye chumbani.

Wiki iliyopita nilipiga simu nyumbani alasiri. Aliyepokea alikuwa baba, ameibeba simu hadi kibarazani, anapumua kwa hasira. Mwenzake alikuwa ametupa turufu kabla ya wakati, wamefungwa vibaya, na mtu mzima mwenye akili zake hawezi kufanya vile.

"Baba, pole. Umekula lakini?"

"Nile nini? Nisikilize kwanza. Alikuwa nayo mkononi! Anajua kwamba mimi ninayo kubwa!"

Nyuma yake nikasikia sauti ya fundi baiskeli ikijitetea, wamehamia kilugha sasa, wote wawili wakisema kwa pamoja na hakuna anayemsubiri mwenzake. Nikashika simu sikioni nikawasikiliza, sikuelewa hata nusu, mpaka salio likaisha.