Chupa Mbili za Mafuta ya Transfoma

Thani bin Marhoon alikuwa mtu wa mafuta, lakini si ya kupikia wala ya gari. Kazi yake kwa miaka kumi na tisa ilikuwa kuzunguka mitaa ya Maskati akichota mafuta kwenye transfoma na kuyapeleka maabara. Mimi Bupe, mtu wa Tukuyu niliyekuja Omani kumtunza mama yake, nilipomuuliza transfoma inataka mafuta ya nini, alifurahi kama mtu aliyeulizwa habari za watoto wake. Akaniambia mle ndani umeme unataka kurukia kila kitu, na mafuta ndiyo yanayouzuia, tena ndiyo yanayopoza joto. Yakiingia maji, hata kidogo, hayazuii tena.

"Kwa hiyo wewe ni daktari wa mafuta," nikamtania.

"Daktari anaandika dawa, Bupe. Mimi nnachota damu tu."

Mama yake, Bibi Bakhita, alikaa Hail, barabara ya pili kutoka baharini. Alizaliwa Unguja, akaletwa huku akiwa binti mdogo, na sasa mapafu yalikuwa yamechoka. Alipumua kwa mashine ya oksijeni usiku na mchana. Mashine ilitegemea umeme, na umeme ulitoka kwenye transfoma iliyokuwa ndani ya uzio wake, ng'ambo ya geti letu. Ikifa ile, Bibi hana pumzi. Thani alilijua hilo kuliko sisi wote.

Mwezi wa saba aliona jambo. Transfoma ile ina kikombe cha kioo chenye chembechembe za kunyonya unyevu, na zilikuwa zimegeuka zote kutoka buluu kuwa waridi. Akazibadilisha siku hiyo hiyo, lakini maji yaliyokwisha kuingia kwenye mafuta hayakutoka. Akaomba transfoma izimwe, mafuta yasafishwe. Mkubwa wake, mhandisi Suud, akamwambia alete sampuli kwanza. Bila karatasi ya maabara hawezi kuuzimia mtaa umeme katika joto lile.

Na sampuli haichotwi hewa ikiwa mbichi, kwa sababu unyevu wa hewa utaingia kwenye chupa na maabara itaikataa. Sasa niambie, Hail, pwani, mwezi wa nane, hewa kavu utaipata wapi? Kanga niliyoanika asubuhi niliianua jioni ikiwa mbichi vilevile. Yaani alitakiwa athibitishe kwamba maji yameingia, na maji hayo hayo ya hewani ndiyo yaliyomzuia kuthibitisha. Mimi ningewatupia hizo chupa usoni. Yeye alisubiri gharbi, upepo mkavu unaotoka jangwani.

Jumatano moja ikatangazwa kwamba gharbi itavuma alfajiri ya kesho. Thani akaja baada ya alasiri na chupa mbili za kioo cha kahawia, zimekaushwa maabara, vifuniko vimekazwa. Akaziweka mezani sebuleni, akasema atakuja kuzijaza baada ya sala ya alfajiri, akarudi kwake Sib.

Ndani ya nyumba ya Bibi, chombo hakijazwi kabla hakijafukizwa ubani. Jagi la maji, glasi za wageni, hata bakuli la maziwa. Daktari alikuwa amekataza moshi karibu na mashine, basi nilifukiza mimi uani, na Bibi akisimamia kwa sauti kutoka kitini.

"Bupe, chupa hizo zimefukizwa?"

"Sijui, Bibi. Ni za kazini."

"Jee, mwanangu apeleke kitu mbele za watu hakina harufu? Zisuuze, kisha zifukize."

Nikazisuuza, sikukumbuka kabisa kwamba zilitakiwa kavu. Nikazigeuza moja moja juu ya chetezo mpaka ubani ukajaa ndani, nikakaza vifuniko haraka moshi usitoke. Nilizifanya vizuri mno, Mungu anisamehe.

Alfajiri gharbi ilivuma kweli. Thani akafungua koki ya chini, akamwaga mafuta ya mwanzo kwenye ndoo, akajaza chupa pomoni. Kioo cha kahawia hakionyeshi masizi. Harufu nayo, nani angeishtukia, wakati hata shati lake lilinukia ubani? Aliondoka anatabasamu.

Jumapili majibu yakatoka: chupa chafu, zina maji na masizi, rudia. Alikuja akasimama mlango wa jikoni, akauliza taratibu. Nikamweleza kila kitu. Nilingoja anitukane, na bora angenitukana.

"Usimwambie mama," ndilo alilosema.

Kuanzia hapo alikuja kila alfajiri na kipimo chake cha unyevu. Anasimama penye uzio, anatazama mshale, anakitia mfukoni, anaondoka. Gharbi haikurudi. Kwa Suud alibembeleza mpaka mwenyewe akaona aibu. Akaleta mtungi mdogo wa oksijeni wa akiba, wa saa mbili. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, nnakuomba, njoo ukae kwangu siku chache tu."

"Sitoki nyumbani kwangu. Chupa si umeshazipeleka? Basi ngoja majibu."

Akanitazama, nikatazama sakafu. Kumwambia majibu yalishatoka kungekuwa kumwambia habari ya ubani.

Jumanne ya wiki ya pili, saa saba mchana, transfoma ikalipuka. Feni ikasimama, mashine ikalia. Nilimuunganisha Bibi na mtungi, nikampigia Thani aliyekuwa kazini mtaa wa Wattaya, nikaita gari la wagonjwa. Alifika hospitali yu hai, lakini joto na hofu vilikuwa vimemmaliza. Jioni ile ile lori lilileta transfoma mpya. Hakuna aliyeuliza habari za sampuli.

Siku ya pili hospitalini Bibi alifumbua macho.

"Majibu ya zile chupa yametoka?"

"Yametoka, mama," Thani akasema. "Wamezisifu sana."

"Nnajua. Tulizifukiza." Akanikonyeza. Nilitoka nje nikalia kama mtoto.

Alifariki kesho yake. Mimi ni Mkristo, kuosha maiti hakunihusu, lakini wanawake walinipa chetezo kwa kuwa najua kuwasha makaa ya Bibi. Wakaitandaza sanda, nikawa napitisha moshi chini yake. Mikono haikutaka. Thani alileta maji mpaka mlangoni, akaona nimesita na chetezo mkononi.

"Fukiza vizuri, Bupe," akasema. "Mama hapendi kitu kiende mbele za watu hakina harufu."